Kioo Hakitaki Pupa: Ushauri kwa Vikundi Vinavyoendesha Karakana ya Kuyeyusha Vioo

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya vikundi vya ufundi vya Bukoba na Muleba)



Tumeombwa tuzungumze juu ya uendeshaji wa karakana ya vioo, yaani kazi ya kukata chupa na vioo kuukuu, kuvipanga, kuviyeyusha ndani ya tanuru hadi vishikane, na kupata sahani, shanga na mapambo ya kuuza. Wengine hapa mmeshaanza, wengine mnafikiria kuanza. Kabla ya kuwashauri, inatupasa tuungame kosa letu.

Kosa letu sisi ofisi

Kikundi kimoja cha Muleba kilipata tanuru dogo la umeme kupitia ofisi yetu. Tulileta mwalimu, akafundisha siku tatu. Siku mbili na nusu zilikuwa za kukata, kupanga na kuyeyusha. Habari ya kupoza kioo ilipewa nusu saa ya mwisho, mwalimu akiwa tayari ameshika begi la safari. Tukapiga picha, tukaandika taarifa kwamba mafunzo yamekamilika.

Muda si mrefu kikundi kikapata oda ya sahani 40 kutoka nyumba moja ya wageni. Mama mmoja mwanakikundi alitoa fedha zake za kahawa za msimu ule ili vifaa vinunuliwe. Usiku wa mchomo wa mwisho gari la mteja lilikuwa nje linasubiri. Vijana wakafungua tanuru likiwa bado na joto linalozidi nyuzi 200. Wakasikia tik, tik, tik. Kati ya sahani 12 zilizokuwamo, 8 zilipasuka mbele ya macho yao. Zile 4 zilizobaki zilionekana nzima, zikapelekwa pamoja na nyingine. Wiki mbili baadaye mojawapo iligawanyika mezani ikiwa na chakula cha moto, mgeni akiwa ameketi. Oda ikafutwa, fedha iliyobaki haikulipwa, na fedha za kahawa za yule mama zikaondoka.

Vijana hawakuwa wavivu. Sisi ndio tuliowafundisha kuyeyusha tukasahau kuwafundisha kusubiri. Kwa hiyo mada yetu ya leo ina neno moja kubwa: karakana ya vioo haifi kwa kukosa moto, bali hufa wakati wa kupoza na wakati wa kupiga hesabu.

Tanuru si jambo geni kwetu

Wapo wanaosema kazi hii ni ya Wazungu. Hapa Buhaya tanuru lina historia ndefu kuliko wengi wanavyojua. Pale Katuruka, Maruku, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walichimba kuanzia mwaka 1970 wakakuta mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma ya miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru na kuonyesha jinsi chuma kilivyoyeyushwa. Babu zetu walijua moto unavyotakiwa kulindwa.

Kwa upande wa kioo, jirani zetu wametangulia. Arusha ipo karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, inayotumia chupa kuukuu na kuajiri watu wenye ulemavu. Kenya, nje ya Nairobi, familia ya Croze imefanya kazi ya vioo huko Kitengela kwa miongo kadhaa. Tujifunze kwao, ila tuelewe tofauti. Kupuliza kioo kunahitaji tanuru la kioo kilichoyeyuka linalowaka usiku na mchana, na gharama yake ni kubwa mno kwa kikundi kidogo. Sisi tunapanga kioo kikiwa baridi, tunachoma mara moja, tunazima. Kazi yetu inafaa kwa mtaji mdogo.

Kikundi kisicho na umeme kitazame Ghana. Wakrobo wa huko husaga chupa hadi ziwe unga, hujaza unga huo katika vikalibu vya udongo wa mfinyanzi vilivyopakwa kaolini, ule udongo mweupe, kisha huchoma katika tanuru la udongo kwa kuni. Tundu la kupitishia uzi hulipata kwa kusimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati ya unga. Kijiti huungua, tundu hubaki. Ndugu zangu, ni kijiji gani cha Muleba kisicho na muhogo na mfinyanzi? Ila anayechagua kuni apande miti kwanza.

Sasa tuingie katika ushauri wenyewe.

1. Mjue kioo chenu

Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, lakini si kwa kiasi kilekile. Vioo viwili visivyolingana vikiyeyushwa pamoja vitashikana vizuri ndani ya tanuru, kisha vikipoa kimoja kitavuta kuliko kingine na kazi itapasuka. Inaweza kupasuka siku hiyo, inaweza kupasuka baada ya mwezi.

Kanuni rahisi ni hii: sahani moja, chupa moja. Ikiwa ni kioo cha dirisha, vipande vyote vitoke katika kioo kimoja. Wekeni kila aina katika ndoo yake na muiandike jina. Msichanganye chupa ya kijani na ya kahawia kwa sababu tu zinapendeza pamoja.

Mkitaka kujaribu kama vioo viwili vinapatana, yeyusheni kipande kidogo cha kimoja juu ya kingine, mkipoze taratibu. Kisha fungueni kompyuta yenye skrini bapa iwe nyeupe kabisa, shikeni kioo mbele yake, na mkitazame kwa miwani ya jua ya polaroidi, mkiizungusha hadi skrini ionekane nyeusi. Mkiona mwanga unang'aa kuzunguka kile kipande kidogo, kioo kina mvutano ndani yake. Msikiuze. Kama kikundi hakina kompyuta, njooni ofisini na vioo vyenu, tutawawashia yetu.

Vipo vioo vya kukataa kabisa. Taa ndefu za mirija zina zebaki, ambayo ni sumu. Kioo cha televisheni za zamani zenye mgongo kina madini ya risasi. Kioo cha mbele cha gari kina plastiki katikati. Bakuli za kuokea za kioo zisizopasuka kwa moto hazipatani na chupa hata kidogo. Chupa za bia za kurudishwa kiwandani nazo tuziache, kwani zina wenyewe. Chupa za mvinyo na za pombe kali zinazotupwa zinatosha.

Osheni kioo kwa sabuni hadi gundi ya lebo iishe, mkaushe, na msikishike tena kwa vidole vyenye mafuta. Uchafu huacha utando mweupe unaofifisha kazi.

2. Chumba na tanuru

Tanuru likae juu ya sakafu ya saruji, mbali na ukuta, mapazia na mbao, katika chumba chenye hewa na bati juu, si nyasi. Liwe na waya wake peke yake na swichi yake ya usalama, na waya wa ardhini. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye sifa, siyo kijana wa jirani anayejua kidogo. Mchanga na kizima moto viwe karibu na mlango. Mkiweka mikono ndani ya tanuru kwa sababu yoyote, lizimwe kwanza ukutani.

Mkoa wetu una mvua nyingi. Rafu ya tanuru iliyopakwa kaolini ili kioo kisigande lazima ikauke kabisa kabla ya kuwekewa kazi. Rafu yenye unyevu hupasuka, na kuipata nyingine kutoka mbali ni gharama.

Jambo jingine: wengi wetu tunakumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Shubaka la vioo lifungwe ukutani kwa skrubu, na vioo vizito vikae chini. Msihifadhi kioo juu ya kichwa cha mtu anayefanya kazi.

3. Kupasha moto na kupoza

Kwa chupa na vioo vya dirisha, kazi ya tabaka mbili, tunashauri ratiba hii ya kuanzia:

Pandisheni joto taratibu, nyuzi zipatazo 150 kwa saa, hadi nyuzi 540 za Sentigredi. Hapa ndipo kioo baridi hupasuka kikikimbizwa.

Kuanzia hapo pandeni haraka hadi karibu nyuzi 800, na kaeni hapo dakika 10 hadi 15. Msikawie kati ya nyuzi 700 na 760, maana utando mweupe hupenda kujitokeza hapo.

Acheni joto lishuke lenyewe, mlango ukiwa umefungwa, hadi karibu nyuzi 550. Lishikeni hapo saa nzima. Hatua hii ni ya kukituliza kioo, ili nje na ndani yake vipate joto moja.

Shusheni tena polepole, si zaidi ya nyuzi 60 kwa saa, hadi nyuzi 400. Kisha zimeni, mwende mkalale.

Fungueni kesho yake, kipimajoto kikionyesha chini ya nyuzi 50.

Kila tanuru lina tabia yake, na vipimajoto havisemi lugha moja. Kwa hiyo jaribuni na vipande vidogo, mkiandika kila mchomo: tarehe, kioo gani, unene, nyuzi ngapi, saa ngapi, matokeo. Baada ya michomo 20 daftari hilo litakuwa mwalimu kuliko yule tuliyemleta sisi. Angalieni pia kwamba kazi yenye unene mara mbili haihitaji muda wa kupoza mara mbili, bali karibu mara nne.

Siku moja, mchomo mmoja. Mteja anayetaka kazi leo jioni aambiwe kwa upole kwamba kazi yake bado iko kwenye tanuru. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa kioo, kosa la haraka linaweza kukaa kimya hadi chombo kifike mezani kwa mtu.

4. Umeme ukikatika

Tusijidanganye, umeme hukatika. Ukikatika wakati wa kupoza, msifungue hata ufa. Tanuru lenye kuta nene hushuka polepole lenyewe, na mara nyingi kazi hupona. Ukikatika wakati wa kupandisha na joto bado linazidi nyuzi 550, umeme ukirudi endeleeni. Likiwa limeshuka chini ya hapo, rudini kwenye mwendo wa taratibu. Kabla ya kuwasha hakikisheni LUKU ina yuniti za kutosha mchomo mzima. Tumewahi kusikia kazi ya siku nzima ikiharibika kwa sababu yuniti ziliisha saa tano usiku na aliyekuwa na fedha alikuwa amelala.

5. Afya kwanza

Vumbi la kioo na la kaolini haliumi linapoingia mwilini, na hiyo ndiyo hatari yake. Vumbi lenye silika likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na makovu yake hayaondoki. Msifagie sakafu kavu, futeni kwa kitambaa kibichi. Kioo kisagwe kikiwa na maji. Anayechanganya unga avae barakoa ya vumbi inayobana uso. Kitambaa cha kanga hakitoshi. Miwani ya kinga ni lazima kwa anayekata. Chakula kisiliwe karakanani, na mtoto mgongoni asiingie. Tunajua mama hana pa kumwacha mtoto, basi kikundi kipange zamu ya kulea.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Likiwa jeraha kubwa, apelekwe hospitali mara moja.

6. Hesabu

Wahenga wa biashara wanasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Tuseme tanuru ni la kilowati 3, na koili zake kwa jumla zinawaka saa 6 katika mchomo mmoja. Hizo ni yuniti 18. Tuseme yuniti ni shilingi 350, umeme umekula shilingi 6,300. Wafanyakazi wawili kwa 8,000 kila mmoja ni 16,000. Kaolini na vifaa 2,000. Akiba ya kutengeneza tanuru 4,000. Vifungashio 2,400. Pango 1,500. Jumla ni shilingi 32,200.

Zikitoka sahani 12 nzima, kila moja imegharimu karibu shilingi 2,700. Mkiuza kwa 3,000 mna faida ya shilingi 3,800. Lakini zikipasuka 3, zimebaki 9, na kila moja imegharimu karibu 3,600. Mkiuza kwa bei ileile mmepata 27,000, mmepoteza 5,200. Wanakikundi watasema biashara inakwenda, maana fedha wanaiona mkononi. Kumbe wanakula mtaji.

Kwa hiyo andikeni vilivyopasuka kama mnavyoandika vilivyouzwa. Bei ipangwe kwa vile vinavyobaki. Na msiseme kazi yetu wenyewe haina gharama. Mama aliyekata vioo tangu asubuhi angeweza kuwa shambani kwake.

7. Soko na oda

Anzeni na vitu ambavyo kosa lake halimuumizi mtu: shanga, vifungo vya nguo, hereni, mapambo ya dirishani, vigae vya ukutani vyenye picha ya mgomba au tunda la kahawa. Sahani za chakula zije baada ya daftari kuonyesha kwamba michomo yenu haipasuki tena. Kingo zisuguliwe kwa maji hadi zisikate kidole, na rangi isiyojulikana isitiwe kwenye chombo cha kulia.

Oda yoyote iandikwe: vipande vingapi, siku ya kukabidhi, bei, na malipo ya awali. Tunashauri nusu ilipwe kabla ya kuwasha tanuru. Anayekataa kulipa chochote kabla, hata kama ni mtu mkubwa, kikundi kisimkopeshe fedha za wajane. Siku ya kukabidhi iwe na siku tatu za ziada kwa ajili ya umeme na kupasuka. Kwa kufungasha, majani makavu ya mgomba tunayo bure. Yakiwa yamekauka sawasawa hulinda kioo vizuri barabarani, na mgeni huyapenda.

8. Kabla ya kuomba tanuru

Mwisho, neno kwa vikundi vinavyoandika maombi ofisini kwetu, na kwetu sisi tunaoyapokea. Tanuru la msaada si mradi. Mradi ni kujua nani atanunua yuniti mwezi wa nne mfadhili akiwa ameondoka, nani atabadilisha koili ikikatika, na nani ana ufunguo. Tangu lile kosa tumebadilisha utaratibu. Kikundi kinaanza na shanga za kuchomea kwenye tanuru la udongo au kwa kuazima tanuru la wenzao. Kikileta daftari la michomo na la fedha la miezi sita, ndipo tunaketi kuzungumza juu ya mashine. Na mafunzo hayaishi hadi mwalimu amefungua tanuru pamoja na wanakikundi asubuhi ya siku ya pili, likiwa baridi, angalau mara tatu.

Mtauliza, kile kikundi kiliishia wapi? Kilipungua. Wengine waliondoka kwa uchungu, na hatuwalaumu. Waliobaki walirudi kwenye shanga na vigae vidogo. Sehemu ya fedha za yule mama imerudishwa, sehemu bado, na ofisi yetu imekubali kubeba mzigo huo pamoja na kikundi, kwa kuwa kosa lilianzia kwetu. Mama mwenyewe hakuondoka. Aliomba kazi moja tu, naye amepewa: yeye ndiye anayetunza ufunguo wa tanuru. Vijana wakija usiku na kusema mteja anasubiri, huwaambia waje asubuhi.

Ndugu zangu, tunawaomba mrudi nyumbani na jambo hilo moja. Kila karakana imchague mtu mwenye subira, akabidhiwe ufunguo na daftari, na neno lake liheshimiwe hata na mwenyekiti.